Mashine ya Mama Mkwe

Mwanamume anaweza kulala nje ya nyumba yake kwa sababu nyingi, na sisi wa Kaloleni tunazijua zote. Kwa hivyo Wakoli alipohamia kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, watu hawakuuliza. Walijijibu wenyewe. Wengine walisema amefumaniwa. Wengine walisema mke amemshinda nguvu. Luseno, anayefanya naye kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha rangi, alimtania mbele ya watu pale bombani: "Bwana Wakoli, siku hizi wewe ni mwenye nyumba au ni mlinzi?" Wakoli akacheka tu, akajitwika mtungi wake akaondoka. Angesema nini? Kitandani mwake alikuwa amelala mama mkwe.

Asiyejua mambo ya Wabukusu atauliza, sasa hapo kuna nini? Kuna mengi, ndugu yangu. Kwa jinsi Wakoli alivyolelewa, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali chumba kimoja, hawalali chini ya paa moja, na macho yao yakikutana kwa bahati mbaya, kila mmoja anapata shughuli ya ghafla chini ardhini. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa huku mjini, na utawaona wengine harusini wamekumbatiana na mama wakwe wao wakipigwa picha. Mama Nabiswa, huyo mama mkwe wake, hakuwa wa kulegeza. Miaka yote ya ndoa, Wakoli hajawahi kuuona uso wake vizuri. Alimjua kwa sauti, kwa kilemba cheupe cha kanisani, na kwa kuku aliokuwa akiwatumia kila Krismasi.

Kisha moyo wa mama huyo ukamshtukia shambani huko Kimilili. Akaletwa Nairobi akiwa hajitambui, na alipotoka hospitalini daktari akasema asipelekwe mbali kwanza. Abaki karibu na kliniki, ameze dawa, na kila siku afanye mazoezi. "Moyo ni msuli," daktari alimwambia Nafula, mke wa Wakoli. "Ukiubembeleza utalala, na ukilala hauamki." Kutembea hakuwezi, maana magoti yalishachakaa kwa kulima. Pale hospitalini walikuwa wakimkalisha kwenye mashine ya kupiga makasia, ile ya kukaa na kuvuta mpini kama mtu aliye kwenye mashua, na aliiweza vizuri. Lakini kumpeleka na kumrudisha kila siku kulimchosha kuliko mazoezi yenyewe.

"Basi tununue yake aivutie hapa nyumbani," Wakoli alisema.

Nafula alimtazama mumewe. Pesa waliyokuwa nayo ilikuwa ya kubadilisha paa la jikoni linalovuja. "Na mvua ikija?"

"Mvua ikija tutaweka sufuria. Mama ni mmoja."

*

Maingi anauza mashine za mazoezi zilizotumika ng'ambo, kando tu ya Jogoo Road, ndani ya yadi yenye geti la kijani. Ni kijana mcheshi, mdomo hauna breki. Alimpitisha Wakoli katikati ya mashine kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake.

"Mzae wangu, karibu. Hii hapa ni ya upepo. Ukivuta, hili pangaboi linazunguka. Vuta uone."

Wakoli akavuta. Pangaboi likavuma, upepo ukatoka, vumbi la yadi likainuka. Akauachia mpini upesi. "Upepo huu utainua nguo."

"Nguo ya nani?"

"Ya mwenye kuvuta. Nionyeshe nyingine."

"Hii ni ya maji. Ina tangi, ndani kuna maji, unasikia kabisa kama uko mtoni. Hii ndiyo tamu."

"Bwana Maingi, mimi natoka Kaloleni. Maji yenyewe yanatutembelea siku yanapotaka, halafu niyafungie kwenye mashine ya mazoezi? Majirani watanipiga mawe."

Maingi akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akampeleka kwa zile za sumaku, ambazo hazina kelele. Zilikuwa mbili. Moja kiti chake kilikuwa juu, usawa wa kiti cha mezani. Ya pili kiti kilikuwa chini kabisa, unakaribia kukalia sakafu. Bei zilikuwa karibu sawa.

"Hapa sasa ni wewe," Maingi alisema. "Inategemea mtu. Ana urefu gani?"

"Wa kadiri."

"Kadiri ya nani? Uzito?"

"Sijui."

"Miguu yake mirefu au mifupi? Magoti yanakunjika mpaka wapi?"

Wakoli alitazama getini. "Sijawahi kuyaangalia."

"Hujawahi kuangalia magoti ya mama yako?"

"Si mama yangu. Ni mama mkwe."

Watu wawili waliokuwa wakijaribu vyuma vya kunyanyua walinyamaza kumsikiliza. Maingi, ambaye kwao Machakos mkwe na mama mkwe wanaheshimiana lakini si kiasi hicho, alidhani anataniwa. "Basi mpigie simu bibi yako umuulize."

Wakoli alisogea ukutani akapiga. Nafula alikuwa kazini, jikoni kwenye hoteli, masufuria yakilia nyuma yake.

"Nafula, wanauliza kuhusu miguu ya mama."

Nafula akapaza sauti: "Wewe Wakoli! Umekaa na wanaume huko mnaongea miguu ya mama yangu?"

"Ni ya mashine! Urefu wake tu."

"Ni wa kadiri!" Nafula alisema, akakata simu.

Angeweza kungoja wiki nyingine waende wote, hilo ni kweli. Lakini Nafula alipata nafasi Jumapili peke yake, na Jumapili yadi ilifungwa. Zaidi ya hapo, zawadi ya mkwe huchaguliwa na mkwe, na Wakoli alitaka iwe hivyo. Akakalia ile ya juu. Akafumba macho akaiweka kwa mawazo pale sebuleni, chini ya dirisha linalotazama ua na kibanda chake. Akaona kwamba mtu akiikalia, kila aliye uani atamwona kuanzia kiunoni. Akakalia ile ya chini. Katika mawazo hayo kichwa chake kikapotea chini ya kizingiti cha dirisha. Hapo mama angevuta kwa heshima zake, hakuna jicho la mkwe wala la mpita njia litakalomfikia.

"Nipe ya chini," alisema.

"Una hakika, mzae? Wazee wengi wanachukua ya juu."

"Nimesema ya chini."

*

Mama Nabiswa alipoiona, alipiga makofi. "Jacky," alimwambia mjukuu wake, akipaza sauti ili ifike kibandani, "mwambie baba yako kwamba nimeshukuru. Mungu ambariki."

Jacky alikuwa na miaka kumi na alishazoea kazi hiyo. Alitoa kichwa dirishani. "Baba, kukhu anasema ameshukuru, Mungu akubariki."

"Mwambie kukhu asante kushukuru," Wakoli alijibu, ingawa sauti yake ilikuwa imeshafika ndani. Ndivyo walivyokuwa wakizungumza, neno likipita kwa mtoto hata kama wanatenganishwa na ukuta mmoja.

Yeye alifurahi sana. Hakujua kwamba siku ya kwanza tu Nafula alimkuta mama yake ameketi pale chini, amemaliza kuvuta, na hawezi kuinuka. Magoti yalikataa. Kila akijaribu, kile kiti chenye magurudumu kinakimbia nyuma, naye anarudi kukaa kwa kishindo. Nafula akamkamata kwapani akamwinua. Walitazamana wale wanawake wawili, wakaelewana bila kusema. Utamwambiaje mtu aliyelala kwenye mabati kwamba zawadi yake ni ya chini mno? Wakanyamaza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Nafula akawa anamkalisha mama, anangoja avute, anamwinua, kisha anakimbia akiwa amechelewa. Mara mbili alikaripiwa na mpishi mkuu, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Na mama naye alikuwa na lake moyoni. Asubuhi Wakoli akirudi kutoka kiwandani na kujilaza, kikohozi chake kilipenya mabati, kikapita dirishani, kikaja mpaka kitandani alipolala yeye. Kitanda cha huyo huyo anayekohoa. Aliona haya mpaka chakula hakipiti. Jumatano jioni akamwambia Nafula: "Jumamosi nitafutie basi, nirudi kwangu."

"Mama, daktari amesema nini?"

"Daktari hajui maana ya kumfukuza mtu nyumbani kwake."

"Kule nani atakuangalia? Nani atakupeleka kliniki?" Nafula alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mama, ukienda sasa, mimi nitakuja kukuzika."

"Basi uje unizike kwangu," mama alisema, na akageukia ukuta.

Wakoli alikuwa nje kwenye ngazi, sahani ya ugali mapajani, na aliyasikia yote. Hakuweza kuingia. Hakuweza hata kumwomba mama asiende, maana maneno ya aina hiyo hayatumwi kwa mtoto. Chakula kikapoa mikononi mwake.

*

Ijumaa Nafula aliitwa kazini mapema. Jacky alikwenda shule. Mama Nabiswa alikunywa chai, akafunga kanga kiunoni, akaitazama ile mashine. Kesho yake angesafiri. Alitaka kuivuta mara ya mwisho, aitendee haki pesa ya watu. Alijiambia kwamba ataegemea meza wakati wa kuinuka. Akashuka polepole mpaka akakaa.

Wakoli alikuwa ndiyo kwanza ameingia kibandani. Alilala akisikia kile kiti kinavyoteleza, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, sauti ndogo ya kutuliza. Akaanza kusinzia. Kisha kiti kikanyamaza. Kikafuata kishindo, meza ikaburutika, kikombe kikavunjika.

Alitoka mbio akafika mlango wa nyuma. Hapo miguu ikasimama yenyewe. Mkono ulikuwa kwenye komeo na haukuweza kusukuma.

"Jacky!" aliita. Alijua vizuri kwamba Jacky yuko shuleni. "Jacky, muulize kukhu kama ameumia!"

Ndani kulikuwa na pumzi tu, nzito, za haraka. Kisha sauti: "Jacky, mwambie baba yako sijaumia. Asiingie."

"Jacky, muulize kukhu kama anaweza kusimama."

"Jacky." Akavuta pumzi. "Mwambie hapana."

Wakoli alikimbia kwa Waringa, jirani wa upande wa pili, akakuta kufuli. Siku za Ijumaa Waringa huenda kuuza mboga. Nyumba inayofuata, kufuli. Nani anakaa nyumbani saa tatu asubuhi hapa kwetu? Walikuwapo vijana wa kuosha magari tu pale kwenye kona. Akarudi mlangoni anahema.

"Jacky, mwambie kukhu naenda kuita vijana waje wamwinue."

"Jacky, mwambie baba yako asilete vijana!" Sauti ilipanda kwa hofu, ikakatwa na kikohozi. "Heri nikae hapa mpaka jioni. Nisishikwe na watoto wa watu nikiwa hivi."

Mpaka jioni! Dawa zake zilikuwa kabatini, na zile pumzi Wakoli hakuzipenda. Zilikuwa fupi, zinagongana. Alishika kichwa. Kwa mawazo akamwona mama amekaa pale chini, mahali alipomweka yeye mwenyewe, kwa heshima yake mwenyewe, na ule moyo mgonjwa ukianza kuhangaika. Angeingia, angemshika kwapani, na ingekwisha kwa dakika moja. Na mama huyo angepanda basi kesho na asingeinua uso tena maisha yake yote. Hilo nalo alilijua.

Kwenye kamba ya kuanikia palikuwa na shuka la kitanda, bado lina unyevu. Alilitazama. Akalivuta, akalisokota mpaka likawa nene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Akalitupa begani, ncha mbili zikaning'inia mgongoni. Kisha akaupa mlango mgongo, akausukuma kwa kisigino, akaingia kinyumenyume nyumbani kwake.

"Jacky," alisema, macho yake yakiutazama ua, "mwambie kukhu naingia na mgongo. Sitageuka. Wallahi sitageuka." Yeye ni mkristo wa kubatizwa, sijui wallahi aliitoa wapi. Nadhani kwa Khalif wa dukani.

Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akigusagusa kwa mguu, akikanyaga vipande vya kikombe, mpaka akasikia zile pumzi ziko karibu na magoti yake. Akasimama. Akalikamata shuka kifuani kwa mikono miwili.

Kule kwenye kona vijana wa magari walikuwa wakimwaga maji. Kisha shuka likaguswa. Upande mmoja, halafu wa pili.

"Mkwe," mama alisema.

Neno hilo halikupitia kwa mtoto.

"Naam, mama."

"Nimefungua ile mikanda ya miguu. Nimeshika. Vuta polepole, kiti kije mbele kwanza."

Akainama, akapiga hatua moja. Kiti kikateleza mbele, kikagota. "Sasa," mama alisema. Wakoli akakaza kifua na kuvuta kwa uangalifu mwingi, kama mtu anayeinua mgonjwa.

Nusura aanguke chali. Shuka lilikazwa kutoka nyuma kwa nguvu ambayo hakuitarajia kabisa. Lilimwuma begani, likamrudisha nusu hatua, visigino vikasaga sakafu. Alishangaa mpaka akasahau kuogopa. Huyu ndiye mama aliyeletwa akibebwa? Huyu ndiye ambaye moyo wake daktari aliusemea kwa sauti ya chini? Kwenye kile kitambaa kilichosokotwa alizisikia nguvu zake zote, za jembe na za kuni, na hizi mpya za mashine, zikipanda mkono kwa mkono. Hakuwahi kumshika, hakuwahi kumtazama, na sasa alimjua. "Eh, mama!" alisema kwa sauti. "Eh! Una nguvu, mama!"

"Usiongee, vuta!"

Akavuta. Mama akavuta. Mashine ikalia, magoti yakalia, na uzito wote ukahama ghafla. Shuka likalegea.

"Nimesimama," mama alisema. Pumzi zilikuwa nyingi, lakini zimepangana. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu asiyeamini. "Nimesimama, mkwe. Toka sasa."

Wakoli akatoka bila kugeuka.

*

Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, shuka limemwangukia miguuni. Alisikia kabati likifunguliwa, dawa zikichezacheza kwenye chupa, maji yakimiminwa. Alisikia vipande vya kikombe vikifagiliwa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana hakukuwa na mtu wa kumwona. Alikuwa na mshangao kifuani, mkubwa, wa kumfanya atake kusimamisha watu njiani awaambie.

Mlango ukafunguka nyuma yake. Mlango huo mama hakuwahi kuupita Wakoli akiwa uani. Kigoda kikawekwa chini, kikalia chini ya mtu. Wakoli hakugeuka. Kivuli kwenye ukuta wa kibanda kilimwonyesha kwamba mama naye amempa mgongo. Walikaa hivyo, migongo miwili, pengo la mlango katikati.

"Ile mashine iko chini sana," mama alisema.

"Nimeona. Nisamehe, mama. Nilichagua ya chini ili dirisha lisikuonyeshe."

Mama akakisogeza kigoda. "Kwa hivyo hata kwa muuza mashine hukunitazama."

"Sikukutazama, mama."

"Mungu wangu." Akaikaza kanga yake kiunoni. "Unakohoa sana, mkwe."

"Ni vumbi la rangi tu."

"Ni baridi. Mimi si mtoto. Nikikaa, utaendelea kulala kwenye mabati."

"Nitalala. Mabati ni yangu, misumari nimepigilia mwenyewe." Maneno aliyoshindwa kuyatuma yalikuja yenyewe. "Mama, usiende."

Kuku alipita katikati ya ua, akadonoa, akaenda zake. Ng'ambo ya nyumba, kule reli ilipo, treni ilikuja ikinguruma, vikombe vya ndani vikatikisika kabatini, ikapiga honi ndefu mpaka maneno hayasikiki. Mama alingoja ipite yote.

"Hiyo haikosi hata siku moja?" aliuliza.

"Kila siku, mama. Asubuhi na jioni."

"Ina kelele."

"Ina kelele, mama."

"Haya," alisema Mama Nabiswa. "Nitaizoea."